Sahani ya Tatu

Msellem alikuwa ameuandika ukurasa wa kwanza wa riwaya yake mara tisa, na kila mara alimsomea mkewe, Tunu, aliyekuwa akichambua mchele wa kesho. Hakumwuliza maoni. Aliviangalia vidole vyake tu: vikisimama, sentensi imeshika.

"Jua la utosi liliukaanga mji uliosinzia," alisoma, akizunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Vidole viliendelea kutupa chuya.

"Jua tunalijua, Baba Hamadi. Ndani ya nyumba za mji huo mna nini?"

Msellem akafuta jua, akafuta na mji. Akaegemeza karatasi ukutani, akaandika mstari mmoja, akausoma:

"Katika nyumba ile sahani ziliandaliwa tatu kila mchana, na zilizoliwa ni mbili."

Vidole vikasimama juu ya ungo. Mwaka wa pili huu, mwana wao Hamadi hajaleta hata salamu.

"Umetuanika," Tunu alisema polepole.

Akainuka kwenda kupakua. Kutoka jikoni Msellem akasikia sahani moja ikiwekwa mezani, kisha ya pili. Akabaki na kalamu hewani, akiisubiri ya tatu.