Boliti za Kwenye Kioo

Bosi alisimama nyuma ya Nasra, mchoraji wa mashine zake, hadi akaufungua mchoro wa mashine ya kusaga kwenye kompyuta. Nasra akapakua mtandaoni michoro ya boliti nne za kiwanda cha ng'ambo, akazichomeka kwenye kava la mkanda, pale ambapo kwenye mashine yenyewe palifungwa waya tu. Ndipo akaitwa Shaweji, aliyekatwa mkono na mkanda huo.

"Kava lilifungwa kwa waya, bosi," alisema.

"Waya gani? Hizo si boliti? Wewe ndiye uliyezifungua."

Shaweji aliinamia kioo cha kompyuta, akazitazama.

"Basi nitakuwa nimesahau. Dada Nasra, niwie radhi, nimekuharibia kazi yako."

Akampa mkono, ule uliobaki. Nasra hakuachia kipanya. Kwenye kioo mchoro wa kava uliendelea kuzunguka taratibu, boliti ziking'aa.