Maji ya Handaki

Tangu asubuhi Bi Aleida alikuwa kiguu na njia. Alizunguka jumba la wazee wake, akarudi, akazunguka tena, asitake kutazama handaki la maji lililolizingira pande zote. Maji hayo ndiyo yaliyommeza mwanawe, Joost, zamani.

"Yatoe, fundi," alimwambia Wessel, aliyeletwa kuliokoa jumba lisianguke. "Nimechoka kutazamana nayo."

"Mama, jumba hili limesimama juu ya magogo waliyoyazamisha babu zako. Mti ukifunikwa na maji hauozi. Ukipigwa na hewa, basi tena."

"Na lianguke!"

Wessel alipokwenda kula, Aleida alilishika gurudumu la lango la maji, akalizungusha kwa nguvu zote. Maji yakatoka kwa kishindo. Tope likachomoza, na kwenye tope kikaonekana kiatu cha mti, kidogo, kizima, kama kilichovuliwa jana.

Kilikuwa cha Joost, cha mguu wa kulia. Cha kushoto, alichokifungia kabatini miaka yote hiyo, wadudu walikwisha kukila kikawa unga.

Nyuma yake jumba likalia, kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Aleida akaruka, akalirudisha gurudumu hadi mwisho, kisha akashuka topeni mpaka magotini.

Maji ya mto unaolijaza handaki yakaanza kurudi taratibu, yakikisogelea kiatu. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, ila hajakigusa.