Chini ya Msuko

Kila Jumapili Raya hukaa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti ya bibi yake, afumuliwe nywele na kusukwa upya. Getini shuleni walimu hupekua mikoba, mifuko, hata soksi. Leo, chini ya fundo la kisogoni, vidole vya bibi vikagusa kifuko cha nailoni chenye vidonge vya kulevya.



“Vyako?”

“Vyangu na vya wenzangu, bibi.”

Bibi akavifunga kwenye pindo la khanga. “Kesho tunakwenda wote kwa mwalimu mkuu. Nitakushika mkono.”

Kisha akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, akaanza njia ya kwanza.

“Na hao wenzako, nani huwasuka?”

“Hujisuka wenyewe.”

“Jumapili waje nao,” bibi akasema, akausukuma mkeka kwa mguu, ukakunjuka mpaka mlangoni.