Amepumzika

Katika bustani ya mji ule wa mlimani kila marehemu alipewa mti mmoja. Kwa kuwa ardhi ilikuwa finyu, kila mti mpya uliondoa ule wa zamani kuliko yote.

Jioni moja mtambo uliopanda miti ya bustani ulimuuliza Senkoro aliko mkewe, Nakiete, ambaye alikuwa amechoshwa na mlima.

“Amepumzika,” alijibu, “chini ya mti wa mwanetu Mbonea.”

Kesho yake mti wa mtoto haukuwapo. Mahali pake palikuwa na mche wenye jina la Nakiete.

“Baba Mbonea, neno lingine hukuliona?”

“Nilisema ulivyokuwa, mama.”

Nakiete aliugeukia mtambo. “Mrudishie mwanangu mti wake. Mimi huyu hapa, nahema.”

Mtambo ulimpa Senkoro pole.