Uji wa Kanga

Zamani kidogo, ndege na panya walisali kanisa moja. Kila Jumapili Kanga aliwapikia mayatima uji mlangoni, na waumini wakazidi kuongezeka. Tausi, mzee wa kanisa, hakupendezwa.

"Mama Kanga, hii ni nyumba ya Mungu, si hoteli. Ondoa hiyo sufuria."

"Nitaiondoa, Mzee. Ila watoto hawatashinda njaa kwa ajili ya mkia wako."

Akaibeba hadi ng'ambo ya barabara. Mayatima wakamfuata, walezi wao wakafuata, kwaya nayo ikafuata ikiimba. Tausi akavihubiria viti vitupu mpaka koo likamkauka. Mwishowe akavuka na kikombe chake.

"Nimekosa, mama. Kuna nafasi?"

"Ipo," Kanga akasema, akimpa mwiko. "Koroga kwanza. Wengine bado wanakuja."