Chungu Kisichotoa Povu

Hata siku ya tano chungu kilikuwa hakijatoa povu. Mugure aliinua kifuniko, akatega sikio kama anayesikiliza pumzi za mgonjwa, asisikie kitu. Akakifunika upesi na kurudi kwenye sinia zake.

Pale shambani Njoro hakuna aliyemjua kwa jina la Mugure. Walimwita Nasimiyu. Jina hilo alipewa na jirani yake wa mjini Nakuru, Nasimiyu mwenyewe, siku jirani huyo aliporudi kwao Kimilili: jina, pamoja na barua ya kazi iliyolitaja. Ulikuwa mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na Wakikuyu wenzake wa mashamba yale walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori na kupelekwa kituo cha treni. Mugure alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Wawira, mwenye kifua kibovu, na alikuwa amesikia habari za watoto waliokufa kambini wakingoja treni. Memsahib, mzungu mwenye shamba, aliajiri watu wa magharibi mwa nchi tu. Basi Mugure akawa mtu wa magharibi, akapunguza maneno.

Kila Alhamisi alasiri Memsahib alifungua shule yake ya mapishi katika chumba cha zamani cha kuwekea maziwa. Wanafunzi walikuwa wanne, na hapakuwa na wanawake wengine waliobaki shambani: Mugure wa jikoni, Mama Khisa wa kufua, Awuor wa bustani, na Jelagat aliyelea watoto. Si kazi, Memsahib aliwaambia, ni burudani. Lakini asiyefika aliulizwa sababu, na Mugure hakutaka kuulizwa lolote. Akajifunza keki, akajifunza mchuzi mweupe, akajifunza divai ya plamu. Siku ya divai Memsahib aliwaonjesha kijiko kimoja kimoja, akawaonyesha mapovu na kuwaambia kwamba kinywaji kilicho hai hupumua.

Mtu ambaye Mugure alimwogopa ni Mama Khisa, kwa kuwa yeye naye alikuwa wa Kimilili. Miezi minne Mugure alingoja siku ambayo mama yule angemsalimu kwa Kibukusu, lugha ya huko asiyoijua. Siku hiyo haikufika. Memsahib alikuwa ameamuru Kiswahili tu darasani, na Mama Khisa aliishika amri hiyo hata nje, kwenye kamba za kuanikia nguo.

Kisha Memsahib akapata wazo.

"Mimi nafundisha nyinyi pombe yangu," alisema. "Sasa nyinyi nafundisha mimi busaa, pombe yenu ya unga."

Wanawake wakatazamana. Mama Khisa akasema yeye ameokoka, pombe haigusi. Awuor akaonyesha kidole alichokuwa ameunguza. Jelagat akaeleza kwamba mama yake alifariki kabla hajamfundisha.

"Mwachie Nasimiyu," Mama Khisa akasema. "Ndiye mwenye mikono ya ujana. Na msichana wa Kimilili asiyejua busaa, ataolewa na nani?"

Wakacheka. Mugure akacheka nao.

Kwa Wakikuyu pombe ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke alitwanga miwa akaondoka. Busaa alikuwa ameiona kwa jirani tu, tena kwa mbali: unga ukikaangwa kwenye karai, kimea cha wimbi kikianikwa juani. Vilikutana lini na vipi, hakujua. Akavichanganya vyote, akavikaanga pamoja mpaka vikawa vyekundu, akatia maji na kufunika. Mama Khisa alikuwa amesimama karibu, macho hayabanduki kwenye karai. Hakumsahihisha.

Ilipofika siku ya tano alielewa kosa lake. Kimea alikuwa amekiua kwa moto, na kimea kilichokufa hakichachui kitu. Mbukusu kama Mama Khisa, Mjaluo kama Awuor, Mkalenjin kama Jelagat, wote hutengeneza pombe ya nafaka kwa namna moja. Hata mtoto wao angemcheka.

Alhamisi ikafika. Bwana, mume wa Memsahib, ambaye siku hizo alivaa bastola hata mezani, akaja kusimama mlangoni, akajaza nafasi yote. Nyuma yake, uani, Wawira alikuwa amelala kwenye kapu la nguo. Mugure akapima dirisha kwa macho. Lilikuwa na wavu wa chuma.

Akachota. Kilichotoka kilikuwa uji baridi, mtamu, mzito.

"Mama Khisa, wewe kwanza," Memsahib akasema.

Mama Khisa akasema Mungu atamsamehe kwa kikombe kimoja. Akanywa, akafumba macho. Mugure alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii," Mama Khisa akasema. "Busaa yenyewe. Mama yangu aliipika hivi hivi."

Awuor akaonja, akasema hata kwao Gem haina tofauti. Jelagat akamaliza kikombe chake, akapangusa midomo, akaomba kingine. Memsahib mwenyewe akaonja, akakunja uso, akasema hii ni pombe ya kuzoea polepole. Bwana akacheka, akamshika mkono, wakaenda nyumbani kuandika mapishi hayo daftarini kabla hawajayasahau.

Mama Khisa akangoja mpaka nyayo zao zikapotea. Akausukuma mlango taratibu, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa Kikikuyu safi, akauliza kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kuonja busaa maishani mwake.

Wote watatu walilielewa swali, wakatikisa vichwa kukataa.