Betri za Mzee Chaji

"Usiziguse!" Mzee Chaji alimfokea jirani yake, fundi wa magari. "Hizi si betri za kuwashia matrekta."

Fundi akarudisha mkono mfukoni. Betri nne zilipangwa ndani ya gari-nyumba la Mzee, upande wa nyuma, zinang'aa kama sahani za wageni. Zilikuwa za taa, friji na feni gari likiwa limeegeshwa, nalo lilikuwa limeegeshwa miaka mitatu.

Mwaka juzi Mzee Chaji alishinda mjini siku nne akizichagua, duka hadi duka, akizinyanyua moja moja na kuwacheka wauzaji. Betri nyepesi, aliwaambia, ni ya watu wepesi. Aliporudi alikuta ujumbe wa mkewe mezani: amekwenda kumuuguza dada yake. Hakuuliza zaidi, alikuwa na betri za kufunga.

Tangu hapo kila asubuhi alizipima kwa mita, akaziongezea maji ya betri, akasugua vichwa vyake visishike kutu. Zikishuka chini ya nusu, alihubiri, mmeziua. Kwa hiyo mkewe, aliporudi kwa dada yake, aliruhusiwa taa moja, dakika kumi.

"Mbona pua ya gari imeinuka?" fundi aliuliza.

"Uzito wa betri uko nyuma! Nyinyi watu wa injini hamjui hata mizani. Injini ni makelele tu, kila mpumbavu anaijua."

Fundi akakohoa, akamtazama mke wa Mzee Chaji. Mama wa watu akatazama saa.

Siku hiyo haikuwa ya mzaha. Binti yao wa pekee, anayeishi mwendo wa siku nzima, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza na alimtaka mama yake. Mzee Chaji alikuwa ameapa mbele ya mtaa mzima kwamba atamfikisha mkewe kwa gari lake, si kwa basi kama watu wasio na mipango.

"Mke wangu, pandisha begi."

"Washa kwanza, mume wangu."

Akapanda, akazungusha ufunguo kwa madaha. Kimya. Akazungusha tena. Hata taa ya dashibodi haikuwaka. Majirani waliokuja kuaga wakaanza kuchekea viganjani.

"Betri ya mbele hiyo, ya kuwashia," akatangaza huku akishuka, mdomo ameubetua. "Takataka ile sijawahi hata kuihesabu."

Akaishika boneti, kwa mara ya kwanza tangu anunue betri zake, akaiinua. Hapakuwa na betri. Hapakuwa na injini. Majani yalikuwa yameota humo hadi usawa wa taa za mbele.

"Ile nauli ya kwenda kumuuguza dada yangu," mkewe alisema, akitupia begi begani na kuelekea kituo cha basi, "ulidhani niliitoa wapi?"